Kamusi ya simu niliyoipima kwa neno moja: tashwishi

Sentensi yenyewe ilikuwa ukurasa wa 14 wa rasimu ya hukumu: "Upande wa mashtaka umethibitisha shtaka la kwanza pasipo tashwishi." Aliyeifasiri ni kijana tunayefanya naye kazi, hodari, hajamaliza mwaka wa pili ofisini. Nilipomwita alikuja na simu mkononi, kamusi imeshafunguka.

"Dada, tashwishi si ndiyo shaka? Imeandikwa hapa. Niliona shaka limejirudia mara nyingi mno, nikasema nibadilishe kidogo."

Nikaichukua simu. Kamusi ilikuwa hii hii ninayoitumia mimi kwa mwezi wa kumi na moja sasa, na ni mimi niliyemshauri ailipie. Ilisema tashwishi ni hali ya kuwa na shaka au wasiwasi, asili Kiarabu. Basi. Nikaandika shaka: hali ya kutokuwa na hakika, wasiwasi, tashwishi. Nikaandika wasiwasi: hali ya kuwa na shaka, tashwishi, hofu. Maneno matatu yameshikana mikono yanazunguka kama watoto kwenye ukuti, na katikati ya duara hakuna mtu. Kijana hakukosea kuisoma. Alisoma sawasawa kile alichouziwa.

Naipa kamusi hii nyota tatu kati ya tano. Mbili zilizobaki zimekwama kwenye duara hilo. Jina lake silitaji kwa sababu wenyewe nimewaandikia, wamenijibu kwa adabu na marekebisho wameyaanza, na si vizuri kuipigia kelele nyumba ambayo fundi bado yuko juu ya ngazi.

Mazuri yake kwanza, maana ni ya kweli. Inafanya kazi bila intaneti, na kwa mtu anayeshinda kwenye vyumba vya masjala ambako mtandao haufiki, hilo peke yake linatosha kuilipia. Ukiandika neno lililonyambuliwa inakupeleka kwenye shina: niliweka "walivyotuhumiwa" ikanifikisha kwenye tuhumu bila kusita. Ngeli imeonyeshwa kwa kila nomino. Na matamshi yamesomwa na mtu, si mashine. Ni sauti ya mama mmoja ambaye dh yake ni dh kweli. Msikilize akitamka dhana, kisha dhamana, kisha adhabu. Nimewahi kuwapa wenzangu simu waisikilize tu sauti hiyo.

Upande wa utafutaji, ukikosea herufi moja haikusaidii. Ukiandika tashwish bila i ya mwisho inakwambia neno halipo. Kwa maneno yenye asili ya Kiarabu hilo ni tatizo la kila siku, kwa sababu wengi wetu tunayasikia kabla ya kuyaona yameandikwa.

Sasa nieleze kwa nini nang'ang'ania neno moja.

Tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, meza yetu haijapata kuwa tupu. Na katika kesi ya jinai hakuna neno linalobeba uzito kuliko shaka. Mashtaka yathibitishwe pasipo kuacha shaka. Likibaki shaka la maana, mshtakiwa ndiye anayefaidika nalo. Mtu anakwenda nyumbani au anakwenda gerezani kwa neno hilo. Ukiliondoa ukaweka tashwishi kwa sababu inasikika nzuri zaidi, umebadilisha kipimo chenyewe.

Tofauti yake niliielewa vizuri siku ile ile, kwa simu. Ustadhi aliyenifundisha Kiarabu bado yuko hai, anakaa Tanga, na huwa ananipokelea hata nikimpigia baada ya isha.

"Shikamoo ustadhi."

"Marahaba binti yangu. Leo umekwama wapi?"

Nikamwambia. Akacheka kidogo kwa furaha ya mwalimu anayeulizwa swali analolipenda, kisha akaniambia nishike kijiti cha mishikaki. Sikuwa nacho, nikashika penseli. Akasema: sasa toboa vitu viwili kwa mpigo mmoja, vikae pamoja kwenye kijiti kimoja. Hilo ndilo shakk, neno la Kiarabu lililotupa shaka.

Shina hilo, sh-k-k, Waarabu walilitumia pia kwa kuchoma kwa mkuki. Ibn Faris, mtunzi wa kamusi aliyefariki 1004, katika kamusi yake ya mashina ya maneno alieleza kwamba maana yake yote inarudi kwenye kuingiliana kwa vitu, na kwamba mwenye shaka ameitwa hivyo kwa kuwa ni kama mambo mawili yametungwa kwenye kitu kimoja. Huwezi kuchukua hili bila lile kuja nalo. Kilatini nacho, bila kuulizana na Kiarabu, kililiunda neno lake la shaka kutokana na mbili. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wakaja wakalifanya kipimo: mambo mawili yakilingana kabisa, hilo ni shaka, moja likielemea, hiyo ni dhana, likithibitika, hiyo ni yakini. Ndipo ikapatikana ile kanuni yao kubwa kwamba yakini haiondolewi na shaka. Aliyekuwa na udhu kwa yakini akaja akashuku kama umetenguka, ana udhu.

Kiswahili kimeyachukua yote matatu. Shaka na yakini yamekaa palepale. Dhana imehama, leo mwanachuo akisema "dhana ya uhuru" hasemi kwamba uhuru unaelekea kuwa kweli, anazungumzia wazo zima la uhuru. Kamusi hii inazitoa maana zote mbili za dhana, ile ya kudhani na ile ya wazo, kwa mifano iliyo safi. Ndiyo maana nasema wanaoitunga wanajua kazi. Walichoka tu walipofika kwenye t.

Tashwishi ina hadithi nyingine kabisa. Umbo lake ni lile lile la tafsiri, taslimu, takriri na taratibu, nomino zinazotokana na kitenzi cha kukifanya kitu kiwe hivi au vile. Tafsir ni kukifanya kitu kieleweke. Tartib ni kukiweka katika mpango, nasi tukaongeza a katikati ikawa taratibu. Tashwish ni kukivuruga. Kwa asili, basi, haisemi chochote kuhusu mambo mawili kulingana. Inasema kuna kitu kimekorogwa, na kuna aliyekikoroga. Mpaka leo, kwa Kiarabu cha vyombo vya habari, tashwish ndilo neno la kuvuruga matangazo ya redio yasisikike.

Ustadhi aliposema hilo nilimkumbuka baba na redio yake ya masafa mafupi. Ilikuwa na kitasa kikubwa cha pembeni, na usiku alikizungusha kwa ncha za vidole, taratibu mno, huku ameinamisha kichwa. Sauti ya msomaji wa habari ilikuwapo muda wote. Juu yake kuna mkwaruzo, na chini yake kuna muziki wa stesheni nyingine. Baba hakuwa na shaka kuhusu habari ile. Hakuwa ameisikia bado. Alikuwa na tashwishi, na dawa yake ilikuwa kuzungusha kitasa.

Hapo nikaiona mahakama vizuri. Shahidi wa tatu anasema tukio lilikuwa saa mbili, akibanwa anasema labda saa nne, kisha anasema saa yake ilikuwa imesimama. Ametia tashwishi. Hakimu anakaa, anachambua, analinganisha na mashahidi wengine, na mwisho tashwishi inaondoka na shaka halibaki. Kesi nyingine inakuja safi, mashahidi wa pande zote mbili wananyooka kama uzi, hakuna mkwaruzo hata kidogo, lakini hadithi mbili zinasimama bega kwa bega na hakuna inayoipita nyenzake. Hakuna tashwishi hapo. Kuna shaka, tena kubwa, na mshtakiwa anaachiwa. Kamusi inayosema haya ni kitu kimoja inamnyang'anya hakimu maneno mawili na kumrudishia moja.

Kuna jambo ambalo ustadhi aliliweka mwisho, na ndilo lililonifanya nikose usingizi. Neno tashwish lenyewe lilitiliwa shaka na Waarabu. Al-Azhari, aliyefariki 980, katika kamusi yake, Tahdhib al-Lugha, alilikataa: hakuliona kuwa na asili, akasema ni la muwalladun, yaani Waarabu wa baadaye ambao lugha yao ilikwishachanganyika, na kwamba lililo sahihi ni tahwish, kuchanganya. Al-Jawhari, wa zama hizo hizo, akaliingiza katika kamusi yake, al-Sihah, kama neno la kawaida na kulieleza kwa kuchanganya mambo. Karne tatu baadaye Ibn Manzur akazikusanya kauli zao katika kamusi yake kubwa, Lisan al-Arab. Kwa hiyo neno linalomaanisha kuchanganya mambo lilishukiwa kuwa lenyewe limetoka kwenye mchanganyiko, likapita, likavuka bahari, na leo kwetu ndilo neno la kuvalia suti. Mtu anayesema "sina tashwishi" anasikika amesoma kuliko anayesema "sina shaka". Yeyote aliyelidharau enzi zile hatujui lingemshangaza vipi akilisikia likisomwa kwenye taarifa ya habari ya usiku, Dar es Salaam au Nairobi.

Yote haya kamusi imeyafunga kwenye neno moja: "Kiarabu". Sidai waandike insha. Nadai mstari mmoja: kutokana na tashwish, kuvuruga. Silabi chache tu, na kijana wangu angeisoma, angesita, angeacha shaka mahali pake.

Wasiwasi nitaupitia haraka, kwa sababu wengi wetu tumeujua tangu madrasa. Umo katika sura ya 114, Surat an-Nas, ambamo mtu anaomba kinga dhidi ya shari ya al-waswas, mwenye kunong'ona kisha akajificha. Neno linajiigiza lenyewe: was-was, kama mnong'ono, na Waarabu walilitumia pia kwa mlio mdogo wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Wasiwasi unaingia kifuani kwa sauti ya chini na hauna haja ya ushahidi. Ndiyo maana unamshika mzazi ambaye mtoto amechelewa dakika ishirini tu. Hana hadithi mbili zinazolingana wala habari iliyokorogwa. Kuna kitu kinamnong'oneza. Kamusi imeandika "hofu" miongoni mwa maana zake na hapo imepata, ila mfano wake ni "ana wasiwasi kuhusu jibu hilo", mfano ambao unafaa kwa neno lolote kati ya yale matatu, hivyo haumsaidii mtu.

Jambo dogo la masikio, kwa wanaopenda. Kwenye waswas tulichomeka i katikati, tukapata wasiwasi, ingawa sw haitushindi. Tunasema swali, swala, swaumu. Kwenye tashwish hatukuchomeka kitu. Tuliongeza i ya mwisho tu, tukaiacha shw kama ilivyo. Nadhani wasiwasi lilizungushwa midomoni na watoto na bibi zao kwa muda mrefu mpaka likawa laini, na tashwishi lilishuka kutoka kwa wasomi likiwa bado na kona zake. Hayo ni maoni yangu.

Kosa ambalo ni kubwa kuliko yote sikulitarajia. Nilipoandika mashaka, kamusi ilinirudisha moja kwa moja kwenye shaka: "wingi wa shaka". Jamani. Mtu anayesema "nimepata mashaka makubwa katika safari hii" hasemi kwamba alikosa uhakika mara nyingi. Anasema ametaabika. Mtoto anayeitwa Mashaka hakuitwa hivyo kwa sababu wazazi walikuwa na maswali. Alizaliwa wakati wa dhiki. Kiarabu kina mashaqqa, taabu, lenye q na shina jingine, na sina shida kuamini kwamba masikio yetu yaliyaleta maneno mawili kwenye mlango mmoja, q na k zikiwa zimekutana kwetu kwenye k. Wingi wa shaka upo pia, "mashaka yangu kuhusu mkataba huu" ni Kiswahili safi. Lakini hayo ni mashaka mawili, na kwenye kazi yangu kuyachanganya ni hatari. Shahidi mmoja, mama mtu mzima, alieleza "mashaka yaliyonikuta kwa mume wangu", na rasimu ya kwanza ya tafsiri ikamfanya aonekane alimshuku mumewe. Alikuwa anaeleza mateso. Tuliikamata kabla haijatoka, na tangu siku hiyo kila mashaka kwenye meza yangu yanasomwa mara mbili.

Mengine ni madogo. Maandishi yanaweza kukuzwa, na kwa macho yangu ya sasa nashukuru. Rangi ya usiku ni nzuri. Orodha ya maneno uliyoyatafuta inafutika kila ukisasisha programu, na ningependa ibaki, kwa kuwa ndiyo shajara ya kazi yangu. Maneno ya sheria ni machache kuliko nilivyoahidiwa kwenye tangazo lao, ila yaliyopo ni sahihi.

Ni ya nani basi? Mwanafunzi wa sekondari itamtosha na kuzidi. Mwandishi wa habari pia, akiwa na mhariri makini. Mfasiri wa mahakama ailipie kwa ajili ya unyambulishaji na matamshi, na mezani abaki na kamusi nene za karatasi. Na kabla hujalipia kamusi yoyote nyingine, fungua toleo la majaribio uandike tashwishi, kisha shaka, kisha wasiwasi, kisha mashaka. Dakika mbili zitatosha kukuonyesha kama waliokaa kuitunga waliyapima maneno au waliyanakili.

Barua niliyowapelekea haikuwa ya kulalamika tu. Niliwaandikia kidahizo, yaani neno pamoja na maelezo yake, kama ambavyo ningetaka kukiona, nacho ni hiki:

tashwishi nm [i-/zi-] hali ya mambo kuvurugika au kuchanganyika hata yasieleweke vizuri na kumwacha mtu bila uhakika: Maelezo ya shahidi yametia tashwishi kuhusu saa ya tukio. Mwenyekiti alisoma barua yote ili kuondoa tashwishi. Linganisha shaka, wasiwasi. [Kar. tashwish, kuvuruga]

Nikaongeza kwamba katika sentensi ya "pasipo kuacha shaka" tashwishi haiwekwi, na wakitaka waliandike hilo kwa herufi nzito.

Rasimu tuliirekebisha jioni ile ile. Kijana alikaa kwenye kiti cha pembeni, akafuta neno yeye mwenyewe, akarudisha "pasipo kuacha shaka lolote", kisha akapitia kurasa zote 31 kutafuta mahali pengine alipopamba. Alipata pawili. Pa kwanza alirudisha shaka. Pa pili akasimama, akaisoma sentensi kwa sauti, ilikuwa inahusu hati mbili zenye tarehe zinazopingana, akanigeukia.

"Hapa dada, naona tashwishi ibaki."

Nikaisoma. Ilibaki.

Wenye kamusi walijibu siku ya nne. Kidahizo cha tashwishi wamesema kitaingia kwenye toleo lijalo baada ya wahariri wao kukipitia. Mashaka hawakusubiri. Nimeifungua leo asubuhi kabla ya kuandika haya, na sasa yamo mawili, kila moja na namba yake juu, na la pili limeandikwa "taabu, dhiki".